Joho Lililoshonwa Kimya

Hivi wewe umewahi kumwambia mtu asante huku koo limekukaba, ukatabasamu, ukainama kwa adabu zote, kumbe moyoni umemfungia mlango na komeo juu? Kama hujawahi, una bahati. Basi tulia nikupe habari za fundi mmoja wa nguo aliyefanya hivyo mwaka mzima na ushee, na wala hakuwa akimfanyia mtu. Alikuwa akimfanyia Mungu mwenyewe.

Watu walimwita Mama Asante. Jina hilo alipewa na wateja. Ukimletea kitambaa, asante. Ukikaa miezi bila kuja kuchukua gauni lako mpaka likaota vumbi msumarini, asante kwa kuja. Siku moja mvua ilipenya kwenye bati ikamdondokea shingoni akiwa ameinamia cherehani. Akasogeza kiti, akakinga ndoo, akasema, "Asante, Bwana, kwa kuwa hukuzidondoshea nguo za watu."

Mwenzake aliyekuwa akishona vifungo pembeni akaangua kicheko. "Wewe mwanamke! Siku paa likituangukia utashukuru kwamba lilikuwa la kupanga."

Huyo ndiye Dada Vifungo. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Kazi yake ilikuwa vifungo, matundu ya vifungo, pindo za mkono na pasi. Cherehani hakuigusa, alisema miguu yake iliumbwa kwa ajili ya kupumzika. Chumba chao kilikuwa chembamba, kimebanwa katikati ya kinyozi na fundi saa, na mlango ukitazama barabarani. Ndani mlikuwa na meza ya kukatia iliyomegeka pembe moja, bati la biskuti lililojaa vifungo, pasi nzito, na cherehani nyeusi ya kukanyaga ambayo maua yake ya dhahabu yalikuwa yamefutika upande mmoja tu, pale mkono wa Mama Asante ulipozoea kuegemea.

Naye alikuwa na desturi yake. Akishona nguo ya mtu, akifika kwenye pindo la chini, pale ambapo mshono ni mrefu na hauna kona, alianza kumshukuru Mungu kwa ajili ya mwenye nguo. Alifanya hivyo kwa sauti ya chini, akifuatisha mwendo wa mguu. "Asante kwa mama huyu na mabega yake, yamebeba mengi. Asante kwa kijana huyu na shingo yake ndefu."

"Muombee na akili ya kuweka juu ya hiyo shingo," Dada Vifungo angedakia.

"Mimi naishukuru shingo tu."

Na kweli, alikuwa akishukuru tu. Mwaka mzima ulikuwa umepita bila neno "naomba" kutoka mdomoni mwake. Watu hawakuligundua hilo, maana nani atamchunguza mtu anayeshukuru? Kanisani akisimama kutoa sala, wengine walifumba macho kwa raha kama wanaoota jua la asubuhi. Lakini yeye mwenyewe, akirudi nyumbani na kufunga mlango, alikuwa akihisi kifua kimembana kama mtu aliyevaa blauzi iliyokosewa kwapani. Usingizi ulimjia kwa vipande. Chakula alikila kwa sababu saa yake imefika. Akajiambia ni uzee, akashukuru kwa ajili ya uzee.

Sasa sikia lililomtoa huko.

Mwalimu wa kwaya ya kanisani kwao, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuja siku moja na jora la kitambaa cha bluu iliyokolea. Majoho ya kwaya yalikuwa yamechujuka, kila moja kwa namna yake.

"Mama Asante, wengine wamekuwa kijivu, wengine hata sijui niite rangi gani," alisema mwalimu. "Tukisimama pamoja tunafanana na wingu linalofikiria kunyesha. Tuokoe."

"Asante kwa kuniamini, mwalimu. Huna haja ya kuwaleta niwapime."

Ni kweli hakuwa na haja hiyo. Wanakwaya wote aliwahi kuwashonea, na miili yao alikuwa nayo kichwani kuliko hata wenyewe. Namna yake ya kukata ilikuwa hivi: alifumba macho kidogo, akawaona wamesimama kwenye mabenchi yao kanisani, safu kwa safu, kuanzia upande wa mlangoni kwenda dirishani. Kila mmoja kwa zamu yake akamkatia la kwake, huyu mfupi, yule kifua kipana, huyu wa bega lililoshuka kwa kubeba mtoto upande mmoja. Chaki ikapita, mkasi ukafuata, mkono ukajiendea wenyewe. Kisha akakaa kwenye cherehani, na chumba kikajaa asante zake za kwenye pindo. Dada Vifungo akapiga pasi, akatia vifungo vya shingoni, akatia na maneno yake ya uchokozi humo humo.

Jumamosi mchana wanakwaya wakaja kuchukua. Chumba kikafurika, wengine wakajaribia barabarani mbele ya kioo cha kinyozi, na kinyozi akawaambia wamlipe kwa kukitumia. Kila mtu akavaa, akajigeuza, akasifiwa na mwenzake. Joho moja likabaki mezani, limekunjwa vizuri.

"La nani hili?" akauliza mwalimu. Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na lake. "Basi limezidi. Afadhali lizidi kuliko lipungue. Nitavaa mimi. Miaka yote nawaongoza nikiwa na koti kama mkusanya kodi."

Akalivaa papo hapo. Mkono wa kulia ukamfikia vizuri kwenye kifundo cha mkono. Wa kushoto ukaishia juu, ukaacha saa yake nje na nyama kidogo.

"He! Mama Asante, mkono wangu wa kushoto umekukosea nini? Au huu ndio wa kugeuzia kurasa?"

Watu wakacheka, na mwalimu akazidisha, akawa anapunga ule mkono mfupi kama anaongoza wimbo. Kisha mama mmoja wa sauti ya kwanza akaweka kiganja mdomoni. Aliyekuwa jirani yake akaacha kucheka. Kicheko kikafa, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki mwalimu peke yake amenyoosha mkono hewani.

Maana wote walimjua mtu ambaye mkono wake wa kushoto ni mfupi kidogo kuliko wa kulia. Alianguka kwenye ngazi za kanisa akiwa mdogo, na mfupa ukaunga vibaya. Mahali pake palikuwa mwisho wa safu, karibu na dirisha. Alikuwa binti wa Mama Asante, mtoto wake wa pekee, ambaye baba yake alimwita Kinanda kwa sababu alianza kuimba kabla ya kutembea.

"Nimekosea kipimo," akasema Mama Asante, uso mkavu. "Lete, mwalimu. Nitalifumua nitie mkono mwingine. Asante kwa kuliona."

Mwalimu akalivua polepole, akalikunja kama kitu cha kuvunjika. Wakaaga. Hata kinyozi hakudai chochote.

Ili ujue kwa nini watu waliondoka wameinamisha vichwa, inabidi turudi nyuma kidogo.

Mume wa Mama Asante alikuwa dereva wa lori la maji, mtu mpole aliyekuwa akipiga mluzi bafuni. Alipougua, Mama Asante aliomba. Aliomba kwa magoti, kwa kufunga, kwa machozi, sakafuni kando ya kitanda cha hospitali, mpaka wauguzi wakawa wanamruka wakipita. Alimwomba Mungu jambo moja tu. Mume akafa.

Jumapili iliyofuata mazishi, Mama Asante akasimama mbele ya kanisa akiwa na macho makavu, akashukuru. Akashukuru kwa ajili ya wauguzi. Akashukuru kwamba mvua haikunyesha makaburini. Akawashukuru waliopika, waliochimba, walioleta viti. Watu wakasema, imani gani hii! Lakini kule mwisho wa safu karibu na dirisha, Kinanda alikuwa akivua joho lake. Akaliweka juu ya benchi, akatoka nje kwa mlango wa pembeni.

Jioni nyumbani akamwambia mama yake, "Mama, umeshukuru mpaka viti. Baba hukumtaja. Hujamlilia hata chozi moja."

"Katika nyumba hii hatumnung'unikii Mungu."

"Mimi sinung'uniki. Mimi nalia!"

"Basi anayetaka kulia hivyo, mlango uko wazi."

Mlango ulikuwa wazi kweli, na Kinanda akaupitia na begi lake. Akapanga chumba upande wa pili wa mji, akaendelea na kazi yake ya kuoka mikate. Kwaya akaiacha. Hawakugombana tena, maana hawakuzungumza vya kutosha kugombana. Kila Jumapili mchana mama alipiga simu. "Habari za huko?" "Njema, mama, tunashukuru." "Nasi tunashukuru." Halafu kimya, mpaka mmoja aseme haya, na mwingine ajibu haya.

Sasa Mama Asante akakaa chini na lile joho mapajani, akachukua wembe wa kufumulia. Akaupata mshono wa bega la kushoto. Akauweka wembe. Akautoa. Akauweka tena.

Dada Vifungo alikuwa akimtazama huku akijifanya anachambua vifungo.

"Mwenzangu."

"Naam."

"Majoho yale yote nimesikia ukiyashukuria. Mpaka la yule mama msengenyaji ulilishukuria. Hili hukulishukuria. Ulilishona kimya. Nilidhani umechoka."

Mama Asante akazidi kuinamia mshono.

"Uliwakata kwa kuwafuata walivyosimama, ukafika dirishani, mkono ukakataa kumruka. Sasa unataka kuufumua?"

"Mkono umekosea."

"Mkono ndio kitu pekee kwenye mwili wako kinachosema kweli siku hizi."

"Dada Vifungo, niache. Mimi simdai Mungu. Nilimwomba mara moja, unajua mwenyewe nilivyomwomba. Akaamua vingine. Sasa mimi ni nani? Nashukuru, basi, yaishe."

"Kwa hiyo alikunyima, mkanuniana."

"Sijamnunia! Nimnunie Mungu, mimi? Kila siku namshukuru."

"Ndivyo anavyonuna mtu mwenye adabu," akasema Dada Vifungo, na safari hii hakucheka. "Unamwendea kama mgeni aliyefika na kiu lakini anaona haya kuomba maji. Nyumba nzuri, asante, viti vizuri, asante, naondoka, asante. Na ulimi umekauka. Yule si Baba yako? Mchungaji kila siku anatusomea kwamba tumpelekee haja zetu pamoja na shukrani. Pamoja, mwenzangu. Wewe umepeleka nusu moja, nyingine umeikalia."

Mama Asante akashika joho kwa mikono miwili. Akaanza, kwa mazoea, "Asante, Bwana, kwa..." Ikakatika. Akaanza tena, "Asante kwa..." Ikakatika pale pale.

Basi Dada Vifungo akainuka, akaenda kukaa kwenye cherehani. Mwanamke yule ambaye miguu yake iliumbwa kwa ajili ya kupumzika akaanza kukanyaga, bila uzi, bila kitambaa, kwa kishindo hata fundi saa akachungulia akidhani kuna ajali. Alimpa mgongo mwenzake, akakanyaga kwa nguvu ili masikio yake yasisikie kitu.

Nyuma ya kishindo hicho Mama Asante aliteleza kutoka kitini, akapiga magoti kati ya vipande vya kitambaa na nyuzi za sakafuni, uso kwenye joho. Akasema, "Naomba." Neno lilikuwa limeshika kutu, likatoka likikwaruza. Alimwambia Mungu kwamba amemkasirikia. Alimwambia kwamba alitaka mume wake abaki, na kwamba bado anataka, na kwamba anajua hatarudi. Alilia kilio kibaya, cha kamasi, kile alichokiogopa tangu makaburini kwamba kikianza hakitaisha. Akaomba alichokuwa akikitaka, akakiomba waziwazi, kama mtoto anavyovuta nguo ya mzazi wake.

Na kilio kikaisha. Hakuna sauti iliyotoka mbinguni. Kinyozi aliendelea kuwasha na kuzima mashine yake, mtu akapita na baiskeli inayolia mnyororo. Ila Mama Asante aligundua kwamba pumzi inamwingia mpaka chini. Ile blauzi isiyoonekana ilikuwa imelegea kwapani. Na bila kujilazimisha, mambo yakaanza kumjia: mluzi wa bafuni, uliokosewa siku zote sehemu ile ile. Jinsi mumewe alivyokuwa akimletea vifungo alivyookota njiani, vya namna mbalimbali, akidhani anamsaidia kazi. Alivyombeba Kinanda mgongoni kwenda hospitali siku ile ya ngazi, akimwimbia njia nzima kwa sauti mbovu ili mtoto acheke asahau mkono.

"Asante," akasema, na safari hii koo halikumkaba. "Asante kwa ajili yake. Asante kwa kunipa."

Cherehani ikanyamaza. "Nimekufa miguu," Dada Vifungo akasema bila kugeuka. "Umemaliza, au nikanyage mpaka nifike mjini?"

Mama Asante akacheka huku akijifuta kwa upindo wa kanga. "Nipigie pasi hili."

"Utalifumua?"

"Nipigie pasi, nimesema."

Duka la mikate lilikuwa linafungwa alipofika. Akapita mlango wa nyuma, uliokuwa wazi kwa ajili ya joto. Mle ndani trei tupu zilikuwa zimepangwa ukutani, meza ndefu ya mbao ilikuwa nyeupe kwa unga, na Kinanda alikuwa akiisugua kwa kibao, mikono imempauka mpaka kwenye viwiko. Nywele amezifunga kitambaa. Alikuwa amekonda. Alikuwa kimya, Kinanda, aliyekuwa akiimbia hata vyombo anavyoosha.

"Shikamoo, mama," akasema, kibao kimesimama mkononi. "Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna anayeumwa."

"Habari za nyumbani?"

"Njema, tunashu..." Mama Asante akajikatiza. Neno lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi, limezoea njia. Akalimeza. "Si njema sana," akasema.

Kinanda akaweka kibao chini. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia jibu hilo kutoka kwa mama yake.

Mama akafungua mfuko, akatoa joho, akalikung'uta likafunguka. "Vaa."

"Mama, mimi kwaya niliacha."

"Najua. Vaa."

"Nina unga mikono yote. Kitambaa cha bluu hiki, kitaharibika!"

"Kiharibike."

Hilo nalo lilikuwa jipya, maana huyu ni mwanamke aliyewahi kumtoa mteja nje kwa kula chungwa karibu na hariri. Kinanda akalivaa, akiacha alama nyeupe za vidole kila alipogusa. Mkono wa kulia ukamfikia kwenye kifundo. Wa kushoto ukamfikia kwenye kifundo, sawasawa, kama mikono ya watu wote. Akaunyoosha, akautazama kwa muda mrefu.

"Nani alikwambia unishonee?"

"Hakuna. Nilikuwa nawakatia wenzako. Nilipofika dirishani nikakukuta umesimama."

Kinanda akainamisha uso. Alipouinua macho yalikuwa yamejaa, na akaanza kugeuka upande wa ukuta, kama mtu anayejua kwamba machozi yake hayatakiwi mbele ya huyu. Mama yake akamshika mkono, ule wa kushoto, akamgeuza.

"Usigeuke. Mimi leo nimelia mpaka Dada Vifungo ameendesha cherehani."

"Dada Vifungo? Cherehani?" Kicheko kikamtoka Kinanda katikati ya kilio, na vyote viwili vikamwia vigumu kuvizuia.

"Bila uzi."

Wakasimama hivyo, mmoja na joho lenye unga, mwingine na mfuko mtupu. Tanuri lilikuwa likipoa, mabati yake yakilia moja moja. Mama Asante alijua kwamba hapa ndipo angeweza kusema haya, mwanangu, tunashukuru, akaenda zake na heshima yake yote. Akakumbuka sakafu ya chumba cha kushonea, na neno lile lenye kutu lilivyokwaruza likitoka, na pumzi iliyofuata.

"Mama, ulitaka nini?" Kinanda akauliza taratibu. "Ulitaka nirudi kwaya?"

"Hapana. Ukiimba, nitafurahi. Usipoimba, joho ni lako hivyo hivyo." Akaukunja ule mfuko mtupu. "Ninachotaka ni urudi nyumbani. Namkumbuka baba yako, na sitaki kumlilia peke yangu."